Miezi Minane Bila Pombe, na Sasa Naitwa Nyumbani kwa Tohara ya Mpwa Wangu

Swali: "Daktari, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nakuru, nina umri wa miaka 36, na sijaonja pombe tangu mwishoni mwa Novemba. Nilianza na busaa nikiwa kijana nyumbani, karibu na Kimilili, nikaingia kwenye chang'aa, na mwishowe nikawa siwezi kushika mashine asubuhi kabla ya kutoa loki, yaani kunywa kidogo ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Mwaka juzi nilijaribu kuacha peke yangu, na siku ya pili nikaanguka kifafa mbele ya watoto wangu. Baadaye familia ilichanga, nikakaa miezi mitatu katika kituo cha kurekebisha waraibu. Hapa Nakuru sina shida. Napita mbele ya baa kila jioni na moyo hautikisiki. Sasa Agosti mtoto wa dada yangu anatahiriwa, na mimi ndiye khocha wake, yaani mjomba kama tunavyosema sisi Wabukusu. Ng'ombe atachinjwa nyumbani kwetu, na mimi ndiye nitakayemvisha mtoto shingoni luliki, nyama ya ng'ombe huyo. Tangu nilipopigiwa simu naota nikinywa, na nikiamka mdomo umejaa mate. Kaka yangu mkubwa anasema busaa ni chakula, si pombe, na kwamba mjomba asiyeonja mtungi anamnyima mpwa wake baraka. Mchungaji wangu anasema hofu yangu ni upungufu wa imani. Mke wangu amesikia kuna dawa ya kutia kwenye chai ili mtu akinywa pombe atapike, naye anataka tuinunue. Je, niende au nisiende? Na hizi ndoto, ni ishara kwamba bado sijapona?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mengi kwa pamoja, lakini naona yote yanatoka kwenye hofu moja: kwamba utulivu ulio nao Nakuru huenda ni wa Nakuru tu, na kwamba ukishuka kwenye matatu pale Kimilili utajikuta umekuwa yule mtu wa zamani. Hofu hiyo ina msingi, na kuwa nayo si upungufu wa imani wala wa nia. Jibu langu kwa ufupi ni hili: nenda, lakini nenda kwa ajili ya kazi yako ya ujomba pekee, usilale pale nyumbani usiku wa sherehe, na usionje busaa hata kidogo. Nitakueleza sababu, na pia nitakuambia ni hali gani zingenifanya nikushauri ubaki Nakuru.

Tuanze na ndoto na yale mate mdomoni, maana vimekutisha kuliko inavyostahili. Watu wengi hudhani kwamba kupona uraibu ni kufutwa kwa kitu kichwani, kwamba siku moja mtu huamka pombe ikiwa imeondoka kabisa katika kumbukumbu zake. Ubongo haufanyi kazi hivyo. Kila mara ulipokunywa kwa miaka yote ile, kileo kiliamsha dopamini, kemikali ambayo huufundisha ubongo kwamba jambo hili ni muhimu na linafaa kutafutwa tena, na ubongo wako ukawa unaandika pia kila kilichotangulia kabla ya tone la kwanza: harufu ya unga uliochacha ukikaangwa juu ya bati, mirija iliyopangwa kando ya mtungi, sauti za mabinamu, ngoma za usiku, hata hali ya hewa ya Agosti. Baada ya muda, dalili hizo zenyewe huanza kuiamsha dopamini kabla ya chochote kuingia mdomoni, na mwili hujiandaa kupokea kileo kama unavyojiandaa kupokea chakula unaposikia harufu ya nyama. Simu ya dada yako ilikuwa mojawapo ya dalili hizo. Mate na ndoto ni kumbukumbu ya zamani inayoamka kwa sababu imeitwa, na kwa watu wengi walioacha pombe ndoto za namna hiyo huja, hasa katika mwaka wa kwanza, kisha hupungua. Ukiamka ukiwa na hofu, halafu ukafarijika kwamba hukunywa kweli, hilo linaonyesha upande ulio nao sasa.

Jambo ambalo naona hukuelezwa vya kutosha ulipotoka kituoni ni hili. Unapopita mbele ya baa kila jioni bila kuingia, unaufundisha ubongo somo jipya: taa zile, muziki ule na watu wale hawafuatwi tena na pombe. Somo hilo ni la kweli na umelifanyia kazi. Lakini wanaochunguza namna viumbe wanavyojifunza wameonyesha mara nyingi, kwa wanyama na kwa binadamu, kwamba somo jipya la namna hii halifuti lile la kwanza, bali hukaa juu yake, tena hushikamana sana na mahali lilipofundishwa. Ukimrudisha mtu mahali alipojifunza somo la kwanza, lile la zamani huweza kurudi kwa nguvu hata kama kwingineko lilikuwa limenyamaza kabisa. Kwa hiyo hukudanganyika kuhusu Nakuru. Umepona Nakuru kwa kiasi kikubwa, ila Kimilili bado hujafundishwa somo hilo, kwa sababu tangu uache hujawahi kusimama pale ukiwa mkavu katika msimu wa sherehe. Desemba iliyopita ulikuwa kituoni. Agosti hii ndiyo mtihani wako wa kwanza wa aina yake.

Kuna mfano maarufu unaoonyesha nguvu ya mahali kwa upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi waliokuwa wakirudi kutoka Vietnam, ambako takriban mmoja kati ya watano alikuwa ameingia katika uraibu wa heroini. Serikali ya Marekani iliogopa kwamba wangerudi nyumbani na uraibu huo. Katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, ni takriban asilimia 5 tu ya wale waliokuwa waraibu kule waliorudia kuwa waraibu. Sababu hazikuwa za aina moja, lakini mojawapo ambayo wataalamu wengi wanaitaja ni kwamba walikuwa wameacha nyuma mazingira yote yaliyofungamana na dawa ile. Wewe safari yako ni kinyume cha yao: wao waliondoka mahali pa uraibu wakaenda nyumbani, na wewe unatoka kazini kwenda nyumbani ambako ndiko uraibu ulikozaliwa.

Ongeza juu ya hayo namna msimu wenyewe ulivyo. Shule zimefungwa, hakuna anayekungoja karakanani saa mbili asubuhi, watu wanakesha, mahindi ya kwanza yanaingia na fedha zinazunguka, na mtu akionekana na kikombe saa nne asubuhi hakuna anayemwuliza. Utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 uliliweka eneo la Magharibi juu ya maeneo yote ya Kenya kwa unywaji wa pombe, asilimia 23.8 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 65, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 11.8. Sisemi hivyo kuwaaibisha watu wa kwetu. Nataka tu uone kwamba unaporudi nyumbani unakwenda mahali ambapo watu wanaokunywa ni mara mbili ya wastani wa nchi, tena katika mwezi ambao karibu kila boma lina mtungi.

Mchungaji wako bila shaka anakutakia mema, na sala imewasaidia wengi ninaowafahamu wakae bila pombe, sitaki mgombane. Lakini hofu inayomfanya mtu apange safari yake vizuri ni hofu yenye kazi. Wanaonitia wasiwasi mimi ni wale wanaosafiri Agosti bila mpango wowote kwa sababu wanajiona wamekwisha kupona.

Sasa kaka yako na busaa. Ana sehemu ya ukweli, nami sipendi kuwabeza wazee kwa jambo walilolishika vizazi na vizazi. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi unaochachishwa, ukakaangwa, kisha ukachanganywa na kimea cha wimbi, na ni nzito kiasi kwamba mtu anaweza kushiba. Lakini kile kinacholevya ndani yake ni kileo kilekile kilichomo kwenye bia na chang'aa. Ini lako na ubongo wako havijui kwamba kimetoka kwenye nafaka ya shamba la baba. Kiasi chake hutofautiana kati ya mtungi na mtungi, kulingana na siku ulizochacha, kwa hiyo hata anayetaka "kunywa kidogo" hawezi kupima anachokunywa. Kwa kaka yako, kama hana uraibu, kikombe kimoja huishia kuwa kikombe kimoja. Kwako, yale mazoea niliyoyaeleza huamka na kikombe cha kwanza, na hapo ndipo uwezo wa kusema "imetosha" unapopungua wakati unapouhitaji zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaisemi. Mwili uliokaa miezi minane bila pombe hupoteza ule ustahimilivu uliokuwa nao. Kiasi ambacho Oktoba iliyopita kingekufanya uonekane mtu wa kawaida kazini, leo kinaweza kukuangusha, kukufanya utapike ukiwa umelala, au kukuzimisha kabisa, na akili yako itakuwa bado inakumbuka kipimo cha zamani. Tena unajua vyema kuliko mimi kwamba usiku ukiingia, busaa humpisha chang'aa. Wengine huniambia chang'aa ilihalalishwa, na ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2010 iliiruhusu, lakini iliiruhusu ile inayotengenezwa kwa leseni na kupakiwa kwenye chupa, si ya mama pima, yule muuzaji wa kienyeji. Ile ya kienyeji ikitiwa methanoli hupofusha na kuua, na Kirinyaga mnamo Februari 2024 watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe yenye sumu. Anayenunua hawezi kuitambua kwa kuonja wala kwa kunusa.

Kuhusu baraka, nadhani kaka yako amechanganya mambo mawili. Anayembariki mpwa ni khocha, na kinachovishwa shingoni mwa mtoto ni nyama ya ng'ombe wako. Ng'ombe umemtoa, umefika mwenyewe, umemsimamia mtoto mbele ya watu na kumwambia maneno ambayo mjomba humwambia kijana anayekwenda kukabili kisu. Hakuna atakayesema hukutimiza wajibu wako kwa sababu hukushika mrija. Kama kuna mahali ambapo desturi ya ukoo wenu inataka pombe iguswe, mzee mwingine wa upande wa mama anaweza kupewa sehemu hiyo. Mwulize mzee mmoja unayemwamini kabla ya siku yenyewe, faraghani, kwa sababu jambo la namna hii likijadiliwa mbele ya mtungi huwa limekwisha kuamuliwa.

Hapa desturi yenyewe inakusaidia zaidi kuliko unavyodhani. Kwa kawaida mtoto hufika kwa mjomba mchana, siku ya kuamkia kutahiriwa, akapewa luliki, akarudi kwa baba yake jioni akiimbiwa. Kesha, ngoma za usiku na safari ya alfajiri ya mtoni kupakwa matope hufanyika upande wa baba. Maana yake ni kwamba kazi iliyo yako hasa inafanyika mchana, kwenye boma lenu, mbele ya wazee, na inamalizika kabla ya ile saa ambayo wewe na mimi tunaiogopa. Kinachobaki baada ya hapo ni sherehe, na sherehe haikuhitaji wewe.

Ndiyo maana sikushauri ukae kule juma zima, na pia sikushauri usiende kabisa, ingawa kutokwenda ni uamuzi wa heshima kwa mtu aliye katika hali fulani. Kama ungekuwa na mwezi mmoja au miwili tu tangu uache, kama ungekuwa umeteleza hivi karibuni, kama ungekuwa na mawazo ya kujidhuru, au kama mtu wa nyumbani angekuwa amekuapia kwamba utakunywa utake usitake, ningekuambia utume ng'ombe, umtume ndugu mwingine asimame mahali pako, na umpigie mpwa wako simu. Ubaya wa kutokwenda kwako wewe ni kwamba tohara ya Wabukusu huja mwaka wenye namba shufwa tu, mtoto huyu hatatahiriwa tena, na majuto ya kumkosa yanaweza kukaa nawe miezi mingi. Majuto nayo yamewarudisha wengi kwenye pombe. Ukiwa na miezi minane, mke anayekuunga mkono na kazi inayokungoja, naona kwenda mchana mmoja ni hatari inayobebeka, ikiwa utaibeba kwa mpango.

Mpango huo uufanye sasa, ukiwa Nakuru, kwa sababu kichwa kinachoamua vizuri ni kile ambacho hakijasikia harufu ya mtungi. Amua mtakapolala: kwa ndugu asiyekunywa, Webuye au Eldoret, na panga mtu atakayewachukua kabla ya jua kutua. Usitegemee kupata matatu jioni ya siku kama hiyo. Nenda na mke wako, au na mtu mwingine aliyeacha pombe kama unaye, na mkubaliane neno moja ambalo ukilisema mnaondoka bila mjadala. Fedha zako na simu ya M-Pesa ziwe mikononi mwake siku hiyo. Najua mwanamume wa umri wako hapendi kusikia hivyo, lakini ni siku moja. Fika ukiwa umekula na umelala vizuri, kwa sababu njaa, uchovu na hasira hudhoofisha uamuzi wa mtu yeyote. Ukikaa, kaa mbali na mtungi, upande wa wanaochoma nyama au wa wazee wanaokunywa chai, na uwe na kikombe chako mkononi wakati wote, chai au soda, kwa kuwa mwenye kikombe kitupu ndiye hujaziwa. Bia zisizo na kileo sikushauri. Ladha na harufu yake ni dalili zilezile nilizozieleza. Miraa pia iache, kwa kuwa wengi hutafuna ili wakeshe, kisha hutafuta kileo cha kuwashusha.

Zungumza na watu watatu kabla ya kusafiri: mama, dada yako, na huyo kaka. Mama ukimwambia, "Mama, nikinywa hata kidogo nitarudi nilikotoka, naomba mtu yeyote akinijazia kikombe umzuie," utakuwa umempa kazi, na akina mama wa kwetu wakipewa kazi ya kumlinda mtoto hakuna mgeni anayewapita. Kaka usibishane naye kuhusu busaa ni nini. Mwambie umeheshimu maneno yake, na kwamba hospitali imekukataza. Kwa wengine wote siku yenyewe, jibu moja fupi linatosha, "Nimekatazwa na daktari, natumia dawa," na ukiulizwa ni dawa gani, jibu ni kwamba ni ya ini. Baadhi ya wenzangu hawapendi kumfundisha mgonjwa maneno ya kukwepa. Mimi naona hudaiwi maelezo ya ugonjwa wako na kila binamu aliyelewa, na ini lako hakika linahitaji ulinzi huo.

Hamu ikija, na itakuja, ujue ina mwendo wake. Hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, kwa kawaida ndani ya nusu saa, hata kama hukufanya chochote. Inafanana na mvua ya alasiri ya Kakamega, inayokuja kwa vishindo kana kwamba haitakoma, na aliyejibanza chini ya paa huiona ikipita. Kosa ambalo watu hufanya ni kudhani kwamba itaendelea kupanda mpaka wakunywe, na hivyo wakanywa ili iishe. Ikikupata, ondoka pale ulipo, tembea hadi barabarani, mpigie simu mtu mliyekubaliana, kula kitu, na utazame saa. Kila mara unapoimaliza hamu bila kunywa ukiwa pale nyumbani, Kimilili nayo inafundishwa lile somo jipya. Hiyo ndiyo faida ya kwenda ambayo hungeipata kwa kubaki Nakuru.

Nije kwenye dawa ambayo mke wako ameisikia, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Dawa ya kumfanya mtu atapike akinywa pombe ipo, inaitwa disulfiramu, na imetumika tangu miaka ya 1950. Huzuia mwili kuvunjavunja kileo hadi mwisho, sumu ya katikati ikajazana katika damu, na ndani ya dakika kama 10 hadi 30 mtu anawaka uso, anaumwa kichwa, anatapika, moyo unakwenda mbio na shinikizo la damu linaweza kushuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Kwa mtu aliyepimwa ini na moyo, anayejua anachomeza na kukubali, na anayesimamiwa na mwenzi wake, dawa hii imewasaidia baadhi. Kumtilia mtu kwenye chai bila yeye kujua ni kumtega, na wewe unapojua, basi isinunuliwe mtaani bila vipimo. Athari yake pia hubaki mwilini hadi siku 14 baada ya kumeza mara ya mwisho, kwa hiyo hata dawa ya kikohozi yenye kileo inaweza kuamsha balaa hilo. Zile dawa za mitishamba zinazotangazwa kwenye karatasi zilizobandikwa katika nguzo za umeme mjini, za "kuacha pombe kwa siku tatu", zipite tu. Hakuna anayejua kilichomo ndani.

Dawa ambayo ningependa uizungumzie na daktari wako ni naltreksoni. Haimtapishi mtu. Hupunguza ile raha ambayo kileo huleta, na kwa wengine hupunguza hamu, kwa kipimo cha kawaida cha miligramu 50 kwa siku. Haifai kwa anayetumia dawa kali za maumivu kama tramadoli au kodeini, na ini huangaliwa kwanza. Haipatikani kila duka la dawa, hivyo usingoje juma la safari. Sikuambii ni lazima uitumie. Nasema ni chaguo halali ambalo wengi Kenya hawaambiwi kabisa, na anayeitumia hajawa na imani haba.

Tuseme pamoja na hayo yote ukateleza. Sipendi kulitaja, lakini nimeona madhara ya kutolitaja. Anayeteleza hushikwa na aibu, hujiambia kwamba miezi minane imepotea yote na kwamba yeye ni mlevi tu, kisha hunywa siku nne mfululizo kuizima aibu hiyo. Kikombe kimoja hakifuti ulichojifunza kwa miezi minane. Zile siku nne ndizo zinazokurudisha nyuma. Ukiteleza, mwambie mke wako saa ileile, ondokeni, na mpigie mshauri wako kesho yake.

Lakini iwapo unywaji umeendelea siku kadhaa, tafadhali usiache ghafla peke yako nyumbani. Tayari umewahi kuanguka kifafa cha kuacha pombe, na aliyeanguka mara moja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuanguka tena. Kifafa hicho huja mara nyingi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne kunaweza kufuata hali mbaya zaidi, ya kutetemeka sana, jasho, homa, kuchanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo, na hali hiyo huua isipotibiwa. Hospitalini kuna dawa za kuzuia hayo yote, pamoja na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Nenda hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo karibu, Bungoma au Nakuru, au Moi Teaching and Referral Hospital iliyoko Eldoret, na useme wazi kwamba umewahi kupata kifafa ulipoacha pombe. Usiwaambie una malaria. Vivyo hivyo, mtu yeyote aliyekunywa kisha akalalamika kwamba haoni vizuri apelekwe hospitali usiku huohuo.

Kabla ya safari, ningependa uonane na mshauri ana kwa ana angalau mara moja. Kama ulipoteza mawasiliano na kituo ulichotoka, piga 1192, laini ya NACADA, ambayo hulipii chochote na hujibiwa saa 24; watakuelekeza kwa mshauri aliye Nakuru. Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vipo katika miji yetu mikubwa, navyo havitozi ada. Na usidhani kwamba msaada lazima utoke kwa mtu mwenye shahada kubwa. Huko Eldoret, watafiti walijaribu ushauri wa vikundi kwa wagonjwa wa kliniki za virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa pombe, vikao vikiongozwa kwa Kiswahili na watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na unywaji ulipungua.

Ukirudi, usiende moja kwa moja karakanani na kujifanya hakuna kilichotokea. Wengi hupita siku ya sherehe salama, kisha huanguka juma linalofuata, mwili ukiwa umechoka na tahadhari imelegea. Panga miadi na mshauri ndani ya siku tatu za kurudi, hata kama mambo yamekwenda vizuri, mwelezane ni wapi hamu ilikuwa kali zaidi na ni nani alikusumbua, kisha kwa habari hizo muanze kuipanga Desemba, ambayo ni ndefu kuliko Agosti na haina mchana mmoja wa kazi unaoweza kuutimiza na kuondoka.